Bega Halitikiswi

Kwenye harusi moja upande wa Kanduyi, nje kidogo ya mji wa Bungoma, nilijitoma katika duara la ngoma ya kamabeka kwa kiburi cha mwenyeji. Mpiga litungu alikuwa ameketi kwenye kigoda, vidole vyake vikitembea juu ya nyuzi, na sisi tukisogea kwa hatua fupifupi, magoti yamelegea. Nikayatikisa mabega kwa nguvu zangu zote. Haikupita dakika tatu, pumzi zikaniishia, shati limelowa, shingo imekakamaa. Kando yangu alikuwepo kukhu, yaani bibi mmoja, umri wake nisingethubutu kuukisia. Mabega yake yalitetemeka kwa kasi ambayo jicho haliwezi kuihesabu, na juu ya mtetemo huo kichwa kimetulia kana kwamba kimebeba mtungi wa maji. Alinitazama, akacheka, akasema: "Mjukuu wangu, bega halitikiswi. Linaachwa."

Kamabeka kwa Kibukusu ni mabega, basi. Jina la ngoma ni jina la kiungo, na Mswahili yeyote akilisikia analitambua bila mkalimani. Lakini kukhu yule alinionyesha kwamba kiungo kinachotajwa sicho kinachofanya kazi. Nilipomtazama vizuri niliona kwamba kazi yote ilikuwa chini, tumboni, ambako pumzi iliingia na kutoka polepole kama ya mtu aliyelala. Bega lilikuwa limeachiwa huru, likicheza kwa sababu hakuna aliyelizuia. Mimi nilikuwa nikivuta pumzi kifuani, na anayevutia pumzi kifuani huinua mabega kila anapovuta. Bega lililokwisha kushikwa na pumzi litachezaje?

Maneno yale nimetembea nayo miaka mingi, na mahali yaliponifaa zaidi si harusini. Ni mbele ya runinga.

Nilihamia Kitale kikazi, na jioni nilikuwa nikila katika hoteli moja karibu na steji ya matatu, chapati na madondo, chai ya maziwa kwenye kikombe cha bati. Runinga ilikuwa juu kabisa, karibu na dari, imefungiwa kwenye kijisanduku cha vyuma. Siku za kipindi cha Papa Shirandula viti vilijaa mapema. Waliokuja mapema kuliko wote walikuwa walinzi wa usiku wa maghala ya mahindi, wakiwa wamevaa makoti mazito tayari kwa baridi ya Kitale, rungu limelazwa chini ya meza. Walipaswa kuwa kazini muda si mrefu. Walitazama mwenzao akilinda lango kwenye kioo, kisha wakaenda kulinda ya kwao.

Mwenzao huyo alikuwa Charles Bukeko. Alizaliwa mwaka 1962, na kwao ni Funyula, kaunti ya Busia, inayopakana na Bungoma kwa upande wa magharibi. Alipitia jukwaani kabla ya kuingia runingani, na mwaka 2007 kipindi chake kilipoanza kwenye Citizen TV, Kenya nzima ikampa jina jipya ambalo hakuweza kulivua tena. Kisa chenyewe kinaelezeka kwa pumzi moja: Papa Shirandula ni mlinzi, lakini mkewe Wilbroda, aliyeigizwa na Jacqueline Nyaminde, anaamini kwamba mumewe ni mtu wa ofisini. Asubuhi anatoka nyumbani na suti. Akifika kazini anavaa sare.

Ukikisikia kisa hicho unadhani kichekesho ni uongo wenyewe. Mimi baada ya kukitazama kwa miezi niliacha kusikiliza uongo nikaanza kuangalia mabega. Bukeko alikuwa mtu wa mwili mkubwa, na mwili mkubwa mbele ya kamera ni mtego, maana mchekeshaji mvivu huutegemea wenyewe uchekeshe. Yeye aliugawa. Alikuwa na mwili wa suti na mwili wa sare. Ndani ya suti kifua kilitangulia, kidevu kikapanda, hatua ikawa ya mtu anayesubiriwa na mkutano. Ndani ya sare uzito uleule ulishuka ukakaa nyongani, mikono ikawa mirefu zaidi, na macho yakaanza kuuliza kabla mdomo haujafunguka. Nguo ilifanya kazi ndogo sana. Ungemfunika shuka mwili mzima, bado ungejua ni yupi kati ya wawili hao amesimama chini yake.

Kisha kuna ufundi wa tatu, ambao ndio mgumu: mwili wa mtu anayekaribia kunaswa. Shirandula akiwa ndani ya sare, akisikia sauti ya mtu wa nyumbani, ilimbidi apande kutoka mwili mmoja kwenda mwingine huku sisi tunaona. Mwigizaji wa kawaida hapo hufumbua macho na kuinua mikono. Bukeko kwanza alisimamisha pumzi. Tumbo lile liliganda. Kwa nusu sekunde hakuna kilichofanyika, na hotelini kwetu kijiko kingeanguka ungekisikia. Halafu akaitoa pumzi, na mtu wa suti akaja nayo, akiwa bado amevaa sare. Walinzi wa maghala walicheka hapo kuliko popote. Walikuwa wanajua ile pumzi.

Sijui kama aliwahi kusomeshwa jambo hilo kwa jina lake au alilipata kwa kuchezea watu walioketi mbali na jukwaa. Ninachojua ni kwamba kamera haina huruma kwa pumzi ya kifuani. Jukwaani mwigizaji hutuma sauti hadi kiti cha mwisho, na mtazamaji wa kiti cha mwisho haoni shingo iliyokaza. Kwenye runinga sisi sote tumeketi kiti cha mbele, karibu kuliko anavyokaa mke wake. Mshipa wa shingo ukisimama tunauona. Maikrofoni husikia pumzi iliyovutwa kabla ya neno, na ikivutwa kwa woga, neno linalofuata huwa limeshachacha.

Kuna na jambo jingine ambalo mtazamaji haambiwi. Kinachoonekana ni mazungumzo ya dakika mbili mfululizo, kumbe kimechukuliwa mara nyingi: kwanza picha ya mbali, kisha ya karibu usoni mwa huyu, kisha usoni mwa yule. Katikati ya hapo taa zinahamishwa, lori linapita, mvua inaanza kupiga mabati na kila mtu anangoja inyamaze. Mwigizaji akirudi lazima mkono uleule uinuke kwenye neno lilelile, na hasira iwe na joto lilelile ililokuwa nalo saa nzima iliyopita. Hasira haiwezi kuwekwa kwenye chupa ya chai ikangoja. Ila pumzi inakumbukika. Ukiurudisha mwendo wa pumzi ulivyokuwa, mwili huileta hasira wenyewe, kama ng'ombe anayeijua njia ya zizini.

Lafudhi nayo ni mambo ya pumzi. Bukeko alikiongea Kiswahili cha mtu wa magharibi ya Kenya, na wengi tuliotoka huko tulikuwa na kila sababu ya kununa, maana lafudhi yetu imekuwa ngawira ya wachekeshaji kwa muda mrefu. Sikununa. Anayeiga lafudhi kwa kejeli hubadilisha konsonanti tu: "b" inakuwa "p", basi kazi imekwisha. Bukeko alibadilisha mahali sentensi inapopumzika. Mtu wa kwetu akisimulia huipandisha sentensi mlima taratibu, anasimama karibu na kilele, anakutazama kama unamfuata, ndipo anateremka. Kabla yake kizazi kizima kilimpenda Mzee Ojwang' wa Vitimbi. Mzee huyo aliigizwa na Benson Wanjau, Mkikuyu aliyezungumza kwa lafudhi ya Kijaluo hata watazamaji wengi wakaapa kwamba ni mtu wa Nyanza. Naye siri yake ilikuwa hiyohiyo. Hakuazima maneno ya watu. Aliazima vituo vyao.

Watu wasiokifahamu kipindi cha Papa Shirandula, wa nchi za mbali barani, walimjua Bukeko kwa tangazo la soda ya Coca-Cola. Humo hana hotuba. Anakunywa, baridi inamwingia, na mwili mzima unatetemeka huku midomo ikitoa mlio mmoja: brrr! Watoto wa Kenya waliuiga mlio ule shuleni hadi walimu wakachoka.

Hebu ujaribu hapo ulipo. Ziba midomo kwa ulegevu, puliza, uiache itetemeke. Ukiibana, haitetemeki. Ukiilegeza kupita kiasi, upepo unapita kimya. Ukipuliza kwa kifua, inakatika baada ya sekunde mbili. Ikitoka vizuri, ujue taya limelegea, ulimi umelala, na pumzi inasukumwa kutoka chini kwa kipimo kisichobadilika. Ndiyo maana waimbaji wa kwaya na waigizaji duniani kote huanza siku kwa zoezi hilihili. Alichofanya Bukeko ni kulichukua zoezi la asubuhi, ambalo watazamaji hawapaswi kuliona, akalifanya ndiyo onyesho. Na mtetemo ulipoanzia midomoni ulishuka mabegani. Nilipouona mara ya kwanza nilisema kwa sauti, peke yangu sebuleni: kamabeka!

Fundisho hilohilo la bega nililikuta tena katika yoga, Nairobi. Mwaka uleule wa 2007 ambao Shirandula alianza ulinzi wake, lilianzishwa shirika liitwalo Africa Yoga Project. Mwanzilishi ni Mmarekani, Paige Elenson, aliyekutana na vijana wa sarakasi wa Kenya, watu ambao kusimama kwa mikono kwao ilikuwa ni kama kusalimiana. Likawafundisha vijana wa mitaa kuwa walimu, ili mwili uliozoea kurukaruka kwa ajili ya watalii uwe na kazi ya kudumu. Jumamosi walikusanya mamia ya watu bila malipo katika Sarakasi Dome, Ngara, jengo ambalo zamani lilikuwa sinema ya Shan. Nilipelekwa na rafiki. Nikatandika mkeka wangu mahali ambapo pengine zamani palikuwa na viti vya watazamaji, na nikajikuta namtazama mwalimu kama ninavyomtazama mwigizaji.

Nilitarajia ajionyeshe. Alikuwa na mwili wa kujionyesha, lakini baada ya mkao wa kwanza hakufanya tena mwenyewe. Alitembea kati ya mikeka na kusema. Kila agizo lilianza na pumzi, kisha kiungo, kisha upande: vuta pumzi, mikono juu, toa pumzi, inama. Hakuna neno la ziada, kwa sababu neno moja la ziada linamfikia mwanafunzi akiwa ameishiwa pumzi. Sauti yake ilishuka pale alipotaka tushuke. Alipotaka tukae kwenye maumivu kidogo ya paja, alinyamaza, na kimya chake kilikuwa na urefu uliopimwa. Mwishoni alituweka chali katika mkao wanaouita wa maiti, akakaa kimya muda mrefu kuliko nilivyodhani mwalimu anaweza kuvumilia bila kusema kitu cha hekima.

Aliponifikia mimi, nikiwa nimenyoosha mikono juu, nikitetemeka, aliweka vidole viwili begani. Hakusukuma. Akasema kwa upole: "Achia hapa."

Nilitaka kumwambia kwamba nimeshaambiwa hivyo Kanduyi.

Undugu wa mkeka na jukwaa si dhana yangu. Konstantin Stanislavski, mwongozaji wa Urusi ambaye fikra zake zimelea waigizaji wa karne nzima, aliingiza mazoezi ya yoga katika studio ya vijana aliyoifungua Moscow mwaka 1912. Shida iliyomsumbua ilikuwa ya kawaida kabisa: mwigizaji akipanda jukwaani misuli hukaza, na misuli iliyokaza haipitishi hisia. Alisoma kitabu juu ya Hatha Yoga kilichotolewa mwaka 1904 kwa jina la Yogi Ramacharaka, na Ramacharaka mwenyewe alikuwa Mmarekani, William Walker Atkinson, aliyeandika kwa jina la kubandika la Kihindi. Kwa hiyo Mrusi alifundishwa pumzi na Mmarekani aliyejivika vazi la Mhindi. Shirandula angemwelewa Atkinson upesi. Nasaha ilikuwa nzuri hata hivyo: kabla hujatafuta machozi, tafuta mahali ulipokaza, upaachie.

Sisi wa magharibi ya Kenya tuna shule zetu za jambo hilo, na moja inaitwa Agosti. Kila mwaka unaogawanyika kwa mbili, vijana wa Kibukusu hutembea vijijini wakipiga kengele za chinyimba na kuwaalika jamaa kwenye tohara yao. Alfajiri ya siku yenyewe kijana hurudi kutoka mtoni amepakwa tope mwili mzima, watu wakimzunguka kwa wimbo wa sioyaye, hadi mahali atakaposimama. Hapo hatakiwi kutikisika, hata ukope. Sitaiita tohara maigizo. Ni kisu kweli na damu kweli, na ukoo mzima unatazama. Nasema tu kwamba aliyewahi kusimama hapo anajua ambacho mwigizaji hutumia miaka kukitafuta. Kutulia si kukaza. Kijana anayekaza huanza kutetemeka magotini. Anayetulia amepeleka pumzi mahali pa mbali, chini sana, na uso wake unabaki kama maji ya asubuhi.

Shule ya pili ni tamasha la maigizo la shule. Bungoma huanzia kanda ya Magharibi na Kitale huanzia Bonde la Ufa, hivyo shule zilizotenganishwa na safari fupi ya matatu kupitia Kamukuywa na Kiminini haziwezi kukutana hadi fainali za kitaifa. Nimeyaona mazoezi ya pande zote mbili, na kinachonivuta si mchezo wa kuigiza wenyewe, maana huo una mavazi na kelele. Ni shairi la kwaya: watoto zaidi ya ishirini wamejipanga, hawana kiti wala pazia, wana pumzi tu. Mstari ukianza lazima wote wavute pamoja. Akitangulia mmoja, utamsikia, na aliyechelewa utamsikia zaidi. Mwalimu mzuri hasahihishi neno. Huinua kiganja, kifua cha kundi zima kinajaa, kiganja kinageuka, mstari unatoka kama kitu kilichotamkwa na mtu mmoja mwenye koo ishirini.

Papa Shirandula aliendelea kulinda lango kwa miaka kumi na mitatu. Huo ni muda mrefu wa kuvaa suti ileile ya uongo. Hatari ya mwigizaji wa kipindi kirefu ni kwamba watazamaji huanza kucheka kabla hajafanya kitu, naye akizoea kulipwa bila kazi, anaacha kufanya. Nimewaona wengi wakigeuka picha za wao wenyewe. Ninapomkumbuka Bukeko wa miaka ya mwisho naona kinyume: alipunguza. Miguno ikapungua, mikono ikakaa chini zaidi, ile nusu sekunde ya pumzi iliyosimama ikawa ndefu kidogo. Alijua kwamba tumeshafika, basi akatuachia mlango wazi na kukaa kando.

Alifariki tarehe 18 Julai 2020, akiwa na umri wa miaka 58, katika mwezi ambao Covid-19 ilikuwa imetufanya sote tusikilize vifua vyetu usiku. Ugonjwa uliomchukua ulikuwa wa pumzi. Siku mbili baadaye akazikwa kwao Funyula. Hoteli yangu ya Kitale ilikuwa imepunguza viti kwa amri ya serikali, na wachache tuliokuwepo tuliitazama taarifa ya habari tukiwa na barakoa. Mlinzi mmoja wa ghala alisimama, akachukua rungu chini ya meza, akatoka kwenda kazini bila kumaliza chai. Mabega yake yalikuwa yamepanda hadi masikioni.

Mwaka huu nilialikwa na mwalimu wa maigizo wa shule moja ya Kitale nitazame mazoezi yake ya asubuhi. Ilikuwa mapema, ukungu bado umelala kwenye mahindi, na Mlima Elgon haujaonekana. Watoto walisimama duara kwenye nyasi zenye umande, wakajinyoosha, wakainama, wakazungusha shingo. Kisha mwalimu akasema, "Midomo," na duara zima likaanza: brrr! Wengi wao walikuwa wachanga mno kulikumbuka tangazo la soda. Mwalimu hakuwatajia mtu. Kwao ni zoezi tu, la kupasha sauti joto kabla ya shairi.

Mvulana mmoja, mwembamba, sweta limemzidi, hakuweza. Alipuliza, midomo ikakataa. Akapuliza kwa nguvu zaidi, mashavu yakavimba, mishipa ya shingo ikasimama, wenzake wakaanza kumcheka. Mwalimu alimkaribia, akapiga magoti kwenye umande wawe sawa kwa kimo, akamgusa chini ya sikio kwa kidole kimoja, pale taya linapoungana na fuvu. Akamwambia neno ambalo sikulisikia, ila nililiona midomoni mwake, na lilikuwa fupi. Mvulana akafumba macho. Mabega yakashuka, kwanza la kushoto, kisha la kulia. Akapuliza polepole, na midomo ikaanza kutetemeka.